Saa 160 Zisizolipwa: Ushauri kwa Anayetaka Kusomea Usaidizi wa Kitabibu Marekani

Ukienda kliniki ya kawaida Marekani, anayesimama mlangoni na kuliita jina lako mara nyingi si daktari wala nesi. Ni msaidizi wa kitabibu, ambaye wenyeji humwita kwa herufi mbili tu, MA. Ndiye anayekupima uzito, anayekufunga mkanda wa presha mkononi, anayekuuliza unatumia dawa gani na leo unasumbuliwa na nini. Yote anayaandika kwenye kompyuta kabla daktari hajabisha hodi. Daktari akishatoka, huyo huyo hurudi na sindano ya chanjo au na vichupa vya kutolea damu.

Ndugu zetu wengi wanaozungumza Kiswahili na kuishi huko, wawe wametoka Kongo, Burundi, Kenya au Tanzania, wanaitazama kazi hii kwa hamu. Yupo anayefanya kazi ya CNA, yaani msaidizi wa muuguzi, akiwaogesha na kuwageuza wazee kitandani hadi mgongo unamuuma. Yupo anayekata nyama kiwandani shifti ya usiku. Yupo aliyekuwa muuguzi nyumbani, na vyeti vyake bado vimekaa kwenye bahasha. Wote wanauliza: nisome wapi, kwa muda gani, na kwa pesa gani?

Nitayajibu maswali hayo. Lakini kuna jambo moja ninalotaka ulishike kuliko mengine yote. Anayeanza kozi hii bila kujiandaa anaweza kufaulu mitihani yote ya darasani, kisha akakwama wiki chache kabla ya kumaliza, pale chuo kinapompeleka kliniki kufanya kazi mchana, bila mshahara, kwa saa 160. Hesabu ya saa hizo ianze siku unayojaza fomu ya kujiunga, na ushauri wote unaofuata nimeujenga juu ya hesabu hiyo.

Jua unachokwenda kusomea

Jina la kazi hii limewapotosha wengi. Tanzania, aliyeitwa kwa jina hilo zamani ndiye tunayemwita tabibu leo, yule anayempima mgonjwa, anayetaja ugonjwa na kuandika dawa. Katika Kongo ya Wabelgiji, wasaidizi wa kitabibu walisoma miaka mingi na kukaribia kabisa udaktari. Baada ya uhuru wa mwaka 1960, kundi lao lilipelekwa Ufaransa kumalizia masomo na wakarudi wakiwa madaktari kamili. MA wa Marekani si huyo. Hatoi jina la ugonjwa, haandiki dawa wala hampi mgonjwa ushauri wake mwenyewe. Anafanya kazi chini ya daktari, nusu kwenye chumba cha mgonjwa, nusu kwenye simu, ratiba na makaratasi ya bima. Usimchanganye pia na yule anayeitwa PA, ambaye husoma hadi shahada ya uzamili na huandika dawa.

Mapato nayo yaangalie bila kujidanganya. Takwimu za Idara ya Kazi ya Marekani za Mei 2023 zinaonyesha kuwa mshahara wa kati wa MA ulikuwa dola 42,000 kwa mwaka. CNA alikuwa kwenye dola 38,000 hivi, na muuguzi aliyesajiliwa alifika takriban dola 86,000. Kutoka CNA kwenda MA, basi, nyongeza ya pesa ni ndogo. Unachopata zaidi ni saa za mchana, wikiendi ambazo mara nyingi ni zako, mgongo unaopumzika, na kuifahamu kliniki kutoka ndani. Ajira zipo: idara hiyo hiyo ilikadiria kuwa kazi hizi zingeongezeka kwa asilimia 15 kati ya 2023 na 2033. Lakini kama lengo lako hasa ni uuguzi, mwambie mshauri wa masomo siku ya kwanza, maana njia utakayochagua itabadilika.

Kuchagua chuo

Vyuo vya jamii ni vyuo vya umma vilivyowekwa kwa ajili ya watu wa eneo lao. Vingi humpokea mtu yeyote mwenye cheti cha sekondari au kile kinachosimama badala yake, GED, hata mwenye miaka hamsini, ingawa kozi za afya zinaweza kuwa na masharti yao ya ziada. Miji ambako watu wetu wamekusanyika inavyo. Lexington kuna Bluegrass Community and Technical College, Cedar Rapids kuna Kirkwood Community College, na Houston kuna chuo cha jamii chenye kampasi nzima ya masomo ya afya.

Kwa kawaida utakuta njia mbili. Ya kwanza ni cheti au diploma ya takriban mwaka mmoja. Ya pili ni shahada ndogo ya miaka miwili, inayoongeza masomo ya jumla kama Kiingereza cha kuandika, hisabati na saikolojia. Anayetaka kazi upesi achukue ya kwanza. Anayefikiria uuguzi baadaye ajue kwamba masomo ya sindano na mapokezi mara nyingi hayahesabiwi kwenye uuguzi, ila yale ya jumla huweza kuhesabiwa. Aulize moja baada ya jingine, na apewe jibu kwa maandishi.

Kabla ya jengo zuri na matangazo, tafuta ithibati. Kozi iwe imeidhinishwa na CAAHEP au ABHES. Wahitimu wa kozi zilizoidhinishwa na vyombo hivyo viwili wanaruhusiwa kufanya mtihani wa cheti cha CMA, kinachotolewa na chama cha wasaidizi wa kitabibu, AAMA. Majina ya kozi zilizoidhinishwa yapo kwenye tovuti za vyombo hivyo. Usitosheke na neno la mtu wa mapokezi. Angalia pia sheria ya jimbo lako, kwa sababu majimbo hayafanani. Jimbo la Washington, kwa mfano, haliruhusu mtu kufanya kazi hii bila kutambuliwa na idara yake ya afya.

Jihadhari sana na vyuo vya biashara vinavyokuahidi cheti cha haraka na kukusainisha mkopo siku hiyo hiyo. Kampuni ya Corinthian Colleges ilikuwa na kampasi zaidi ya mia moja, na usaidizi wa kitabibu ulikuwa miongoni mwa kozi zake. Ilifilisika mwaka 2015. Juni 2022 serikali ililazimika kufuta madeni ya wanafunzi wake wa zamani wapatao 560,000, jumla dola bilioni 5.8, baada ya kuthibitika kwamba walidanganywa kuhusu ajira na masomo. Kwa miaka mingi watu hao walibeba deni la kozi ambayo chuo cha jamii cha jirani kingewafundisha kwa ada ndogo zaidi.

Ukienda kuulizia chuo, uliza maswali haya manne: nani anatafuta kliniki ya mazoezi, chuo au mimi? Mazoezi yako mwezi gani, na siku ngapi kwa wiki? Je, saa 160 zinaweza kugawanywa kwa siku mbili au tatu za wiki? Kliniki iko umbali gani kwa asiye na gari? Chuo kinachoyajibu haya papo hapo kimezoea kuwalea wanafunzi wanaofanya kazi.

Pesa

Fomu ya kwanza ni FAFSA, ya kuomba msaada wa serikali kuu. Kuijaza ni bure, kwa hiyo anayekutoza pesa akujazie anakuibia. Wenye grini kadi na waliopokelewa kama wakimbizi wamo kwenye makundi yanayoruhusiwa kuomba. Mwenye viza ya mwanafunzi hayumo. Ruzuku ya Pell, ambayo kwa kawaida hairudishwi, ilifikia kiwango cha juu cha dola 7,395 kwa mwaka wa masomo 2024–25, na kila mtu hupewa kulingana na kipato cha nyumba yake. Chuo cha jamii kikishakata ada yake, pesa inayobaki hurudishwa kwa mwanafunzi. Baki hilo usilinunulie simu. Ndilo la kwanza kuingia kwenye akiba ya zile saa 160 zisizolipwa.

Kuna mtego hapa. Ukijitoa kwenye masomo yote kabla asilimia 60 ya muhula haijapita, sehemu ya ruzuku hudaiwa irudishwe, na deni hilo linaweza kukuzuia kujiandikisha tena. Mtoto akiugua au shifti ikibadilika, usipotee kimya kimya. Nenda kwa mshauri kabla hujaacha.

Pita pia kwenye ofisi ya American Job Center ya mji wako na uulize kuhusu fedha za sheria ya WIOA ya mwaka 2014, zinazoweza kulipia mafunzo ya wenye kipato kidogo. Uliza vilevile hospitali kubwa za eneo lako kama zinapokea wanagenzi, kwa sababu zipo zinazomfundisha MA huku zikimlipa. Mama anayelea watoto peke yake na hawezi kukosa mshahara wa wiki moja aitafute njia hii kabla ya nyingine zote.

Karatasi na kovu la begani

Anza na jina. Wengi walioingia Marekani kama wakimbizi wana karatasi zinazopishana: herufi moja imeongezwa hapa, jina la baba limekuwa la ukoo pale. Siku ya mtihani wa cheti, jina la kwenye maombi na la kwenye kitambulisho yasipofanana unaweza kurudishwa mlangoni. Sahihisha mapema. Cheti chako cha sekondari, kiwe cha Kidato cha Nne au diploma ya serikali ya Kongo, kipeleke kwa kampuni ya tathmini iliyo mwanachama wa NACES, umoja wa kampuni zinazotathmini vyeti vya nchi nyingine. Uliza kwanza chuo kinakubali kampuni ipi, usije ukalipa mara mbili.

Kisha chanjo. Kabla hujamgusa mgonjwa utadaiwa uthibitisho wa surua, tetekuwanga, pepopunda, mafua na homa ya ini B. Chanjo ya homa ya ini B kwa utaratibu wa kawaida ni dozi tatu ndani ya miezi sita, ingawa ipo ya dozi mbili zinazopishana mwezi mmoja. Anayesubiri barua ya chuo ndipo aanze huenda akawaona wenzake wakienda kliniki bila yeye.

Utapimwa pia kifua kikuu, na hapa sisi tuna jambo letu. Wengi wetu tulichomwa chanjo ya kifua kikuu, BCG, tukiwa wachanga, na kovu lake tunalo begani. Chanjo hiyo inaweza kufanya kipimo cha ngozi kivimbe hata kama huna maambukizi, ukaishia kwenye picha za eksirei na wiki za kusubiri. Kipimo cha damu hakidanganywi na BCG, hivyo kiombe tangu mwanzo, na useme wazi kwamba ulichanjwa utotoni.

Darasani

Usiogope maneno ya kitabibu. Yamejengwa kwa vipande vya Kigiriki na Kilatini, na anayezungumza Kiswahili amezoea tangu utoto kuona neno likibadilika kwa kipande cha mbele au cha nyuma: mtu, utu, kijitu, pika, pikia, pikwa. Kipande cha -itis mwishoni kinakuambia kuna uvimbe wa ugonjwa. -Ectomy kinakuambia kiungo kimekatwa kikatolewa. Jifunze vipande mia mbili, nawe utasoma maneno maelfu. Mkongo aliyesoma kwa Kifaransa anayo akiba kubwa zaidi, kwa kuwa maneno hayo yanakaribiana mno.

Penye hatari ni kwenye namba. Nyumbani homa tunaipima kwa Selsiasi, huko ni Farenhaiti: 38 yetu ni 100.4 yao. Uzito ni pauni, na kilo moja ni pauni 2.2. Sukari ya damu tumezoea kuisoma kama 5.6, wao wataiandika 100 au 101, kwa sababu kipimo chao ni chetu mara 18. Tarehe inaanza na mwezi: 05/04 ni tarehe nne Mei. Na katika sikio la mgeni, kumi na tano na hamsini za Kiingereza ni kama mapacha. Ukitajiwa kipimo cha dawa, kirudie kwa sauti, tarakimu moja moja, mpaka aliyekitaja akubali. Nyumbani tulifundishwa kutomsumbua mkubwa kwa maswali. Kwenye kliniki, kurudia ulichosikia ndiyo heshima, maana kunamlinda mgonjwa na kumlinda daktari mwenyewe.

Jifunze sababu ya kila utaratibu, usikariri tu. Vichupa vya damu vina mpangilio wa rangi: bluu hafifu kabla ya nyekundu, kisha kijani, zambarau, na kijivu mwishoni. Kile cha zambarau kina kemikali yenye potasiamu. Chembe yake ikiingia kwenye kichupa kinachofuata ambacho si chake, maabara itasema potasiamu ya mgonjwa iko juu, na mtu mzima wa afya ataitwa usiku kukimbizwa hospitali. Ukishajua hivyo, mpangilio hausahauliki.

Saa 160

Sasa turudi kwenye hesabu. Kozi zenye ithibati ya CAAHEP humtaka mwanafunzi amalize angalau saa 160 za mazoezi kliniki, kwa kawaida bila malipo, kabla ya kuhitimu. Ndiyo fildi, au atachmenti kama wasemavyo Kenya. Kliniki nyingi hufunguliwa mchana siku za kazi, kwa hiyo kufanya fildi usiku au Jumapili ni nadra. Kwa siku tano za saa nane, ni wiki nne. Kwa siku tatu, ni karibu wiki saba. Kwa siku mbili, ni wiki kumi.

Tuseme unalipwa dola 17 kwa saa. Saa 160 ni dola 2,720 ambazo hazitaingia mfukoni. Kozi ikiwa na miezi kumi kabla ya fildi, weka dola 272 kila mwezi, na mwezi wa fildi ukifika kodi ya nyumba haitakutoa darasani. Asiyeweza kuweka kiasi hicho aweke siku za likizo, aongee na msimamizi wake miezi mitatu mapema kuhusu kuhamia shifti ya jioni, au akubaliane na mwenzake walezane watoto. Usijaribu kutoka kiwandani saa kumi na mbili asubuhi na kuingia kliniki saa mbili. Mkono uliokosa usingizi haufai kushika sindano ya mtu.

Ukiwa fildi, kumbuka mambo mawili yanayotuhusu zaidi sisi. La kwanza: kabla ya kufanya lolote, muulize mgonjwa jina lake kamili na tarehe ya kuzaliwa. Katika jamii zetu hili lina uzito, kwa sababu wakimbizi wengi waliandikiwa tarehe 1 Januari, na majina yetu hujirudia. Wanaweza kuwepo watu wawili wenye jina moja na siku moja ya kuzaliwa katika kliniki moja. Hapo ongeza namba ya faili au anwani.

La pili ni siri. Sheria ya HIPAA ya mwaka 1996 inakufunga, na kila unapofungua faili kwenye kompyuta jina lako linabaki humo. Utamkuta jirani, mchungaji, mke wa rafiki yako. Ukikutana naye kanisani au msikitini, salimia, usiulize dawa inaendeleaje. Shangazi akikuuliza nyumbani kama ni kweli fulani anaumwa, mjibu, "Shangazi, hilo siruhusiwi." Jamii yetu ni ndogo. Siku moja ya ulimi mwepesi inaweza kuwafanya watu waogope kliniki nzima.

Mtihani, na lugha yako

Mtihani wa CMA una maswali 200 katika sehemu nne za dakika 40, yaani chini ya dakika moja kwa swali. Ufanye upesi baada ya kumaliza, darasa likiwa bado kichwani. Cheti hicho huhuishwa kila baada ya miezi 60. Waulize pia waajiri wa eneo lako kama wanapokea CCMA au RMA, vyeti vya vyombo vingine ambavyo kliniki nyingi huvikubali.

Na Kiswahili chako usikifiche. Kliniki inayopokea wagonjwa wa Kikongo inakihitaji. Lakini kujua lugha peke yake hakukufanyi mkalimani wa kitabibu. Sheria ya afya ya serikali kuu inataka mkalimani awe na sifa, na neno moja lililoachwa linaweza kumfanya mgonjwa ameze dawa mara tatu badala ya moja. Yapo mafunzo ya saa 40 ya ukalimani wa kitabibu. Yachukue, kisha mwombe mwajiri ayatambue kwenye mshahara. Mzee wetu aliyekaa chumbani akiogopa, akisikia "shikamoo" kutoka kwa aliyeshika mkanda wa presha, hulegeza bega. Presha inayopimwa hapo ndiyo presha yake ya kweli.

Ndugu yangu, usijiandikishe wiki hii. Wiki hii chukua karatasi, andika mshahara wako wa saa moja, zidisha kwa 160, kisha gawanya kwa miezi uliyonayo kabla ya fildi. Ukiiona namba hiyo na ukajua itatoka wapi, nenda chuoni ukajaze fomu. Usipojua itatoka wapi, nenda chuoni vilevile, umwonyeshe mshauri hiyo karatasi kabla hujasaini kitu chochote.